Ubia na Wenye Mtaji: Mwanakijiji Asiwe Mtazamaji

Katika mji wa Moshi na katika vijiji vyote vya mteremko wa Kilimanjaro, tangu Rombo hadi Siha, neno "ubia" sasa linasikika kila mahali. Kampuni inayonunua kahawa hutangaza ubia na wakulima. Kampuni inayopandisha wageni mlimani hutangaza ubia na wapagazi na vijiji. Mwenye shamba kubwa naye hutangaza ubia na majirani zake. Sisi hatuna ugomvi na neno hilo. Lugha yetu inalo tangu zamani, na maana yake haina utata: mbia ni mtu aliyeweka fungu lake katika shughuli, mwenye haki ya kujua hesabu, mwenye haki ya kupata sehemu yake ya faida, na ambaye hubeba sehemu yake ya hasara. Swali letu kwa ndugu wasomaji ni moja tu. Mwanakijiji wa Kibosho, wa Uru au wa Mabogini katika ubia huu unaotangazwa ni mbia kweli, au ni mtazamaji anayepigwa picha siku ya uzinduzi?

Swali hili si la kupitisha wakati. Kahawa iliyosomesha watoto wa Machame, Kilema, Marangu na Rombo imepungua vihambani. Mkoa wa Kilimanjaro, ambao zamani ulikuwa ukitajwa kwanza kila ilipotajwa kahawa ya Tanzania, umepitwa na Ruvuma, Kagera na Songwe. Mibuni mingi imezeeka. Mingine imeng'olewa, na mahali pake pamepandwa mahindi, nyanya au maparachichi. Kihamba, ambacho mara nyingi hakifiki hekta moja, hugawanywa tena na tena kwa watoto hata kikabaki ua. Vijana huteremka mjini kutafuta kazi, au hupanda mlimani kubeba mizigo ya wageni. Katika hali kama hiyo, kila mwenye mtaji anayekuja na karatasi ya ubia hupokewa kama tabibu. Hatuna budi basi kuipima dawa kabla ya kuinywa. Na mizani ya kupimia tunayo, kwa sababu Kilimanjaro ina uzoefu wa karibu miaka 100 katika jambo hili.

WALIVYOANZA WAZEE WETU

Kahawa ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kwa njia ya wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wananchi walipoanza kuipanda kwa wingi, walowezi walipiga kelele. Walidai kwamba shamba la Mwafrika litaeneza magonjwa ya mibuni na kuficha wizi wa kahawa yao. Nchini Kenya hoja hiyo ilishinda, na Waafrika wakazuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930. Hapa Kilimanjaro wakulima walijibu kwa umoja. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, ili kutetea haki yao ya kulima na kuuza zao hilo. Baada ya kutungwa sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, chama hicho kilirithiwa mwaka 1933 na KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro.

Tuangalie vizuri walichokifanya wazee hao. Hawakukataa kufanya biashara na kampuni za ng'ambo, maana kahawa yao haikunywewa Moshi, ilinywewa Ulaya. Walichokataa ni kwenda kwa mnunuzi mmoja mmoja, kila mtu na debe lake. Walikusanya kahawa katika vyama vya msingi, wakaipima kwa mizani yao, wakaiandika katika daftari lao, kisha wakamkabili mnunuzi wakiwa wengi. Faida ikazaa shule, maghala na majengo. Wala si kwa bahati nasibu kwamba Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa mwaka 1963 kiliwekwa Moshi, chuo ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika.

Lakini historia hiyo ina kurasa nyingine ambazo hazifai kurukwa. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya, wakulima wa baadhi ya sehemu walifanya ghasia kupinga amri ya kuwalazimisha kuuza kahawa yao kwa KNCU peke yake. Chama ambacho wao wenyewe walikizaa kilianza kuonekana machoni pao kama mkono wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Miaka michache baadaye sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na KNCU ikaanza upya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema baadaye kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Mafunzo ni mawili. Ubia wa kulazimishwa hugeuka kuwa manung'uniko. Na chombo cha wananchi kikivunjwa kwa siku moja, hakijengeki upya kwa siku moja.

Funzo la tatu lilikuja msimu wa 1994/1995, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini. Mkulima alifurahi, maana alilipwa fedha taslimu papo hapo badala ya kungoja malipo ya awamu. Lakini zamani chama kilikuwa kikimkopesha dawa na pembejeo, kisha kikakata deni lake siku ya mauzo. Sasa mkulima akikopa kwa chama na kumuuzia mfanyabiashara, deni lilipwe na nani? Mkopo ukakauka. Dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani ikawa ghali kuliko mfuko wa mkulima, na mibuni ikaachwa bila kupuliziwa. Hivyo ndivyo uhuru wa kuuza ulivyokuja pamoja na upungufu wa mavuno. Hatusemi wanunuzi wale walikuwa waovu. Tunasema walikuja kununua kahawa, hawakuja kuilea.

SOKO LA HAKI

Wakati huohuo upepo mwingine ulikuwa ukivuma kutoka Ulaya. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa kwa kila nchi ulisambaratika mwezi Julai 1989, na bei ikaanguka. Mwaka 1991 mashirika manne ya Uingereza, yaani Oxfam, Traidcraft, Equal Exchange na Twin Trading, yaliunda kampuni ya Cafédirect ili kununua kahawa kwa vyama vya wakulima wadogo kwa masharti bora. KNCU ikawa miongoni mwa vyama vilivyoiuzia kahawa, na ikaingia katika mpango wa biashara ya haki wenye alama ya Fairtrade.

Ni vyema msomaji aelewe mpango huo unavyofanya kazi, maana wengi huutaja bila kuujua. Kuna mambo mawili. La kwanza ni bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi hawezi kuteremka chini yake. Mwishoni mwa mwaka 2001, bei ya dunia ilipoporomoka hata chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, bei ya chini ya Fairtrade kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.21. Tangu mwaka 2011 ilikuwa dola 1.40, na mwezi Agosti 2023 ilipandishwa hadi dola 1.80. Soko likiwa juu ya kiwango hicho, mkulima hulipwa bei ya soko. La pili ni nyongeza maalumu, ambayo zamani ilikuwa senti 5 kwa ratili na tangu mwaka 2011 ni senti 20. Nyongeza hii haimwendei mtu mmoja mfukoni. Huingia katika akaunti ya chama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoamua itumike vipi, kwa sharti kwamba angalau senti 5 kati ya hizo 20 zielekezwe katika ubora na uzalishaji.

Tupige hesabu kidogo. Kontena moja la magunia 320, kila gunia kilo 60, lina kilo 19,200, ambazo ni karibu ratili 42,300. Kwa senti 20, nyongeza yake ni karibu dola 8,460. Hizi si fedha za kujenga hospitali. Lakini ni fedha za kuezeka darasa, au kununua mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi, au kuotesha miche mipya kwa kijiji kizima. Na thamani yake kubwa zaidi haimo katika idadi yake. Imo katika kwamba mnunuzi hawezi kuja kusema, "Tumewajengea kisima," wakati wananchi walitaka zahanati. Aliyevuna ndiye anayepanga.

Hata hivyo, tusidanganyane. Chama chenye cheti si lazima kiuze kahawa yake yote kwa masharti hayo. Huuza kiasi ambacho wanunuzi wa soko hilo wamekubali kununua, na kilichobaki huenda mnadani hapa Moshi kama kahawa nyingine yoyote. Ukaguzi wa cheti nao una gharama, na gharama hiyo huanzia kwa mkulima. Alama iliyobandikwa juu ya pakiti huko London haimtoshi mama wa Uru ikiwa chama chake cha msingi hakifanyi mkutano, au kikiufanya hakisomi hesabu.

Katika ukoo huohuo wa ubia kuna jambo jingine la kutajwa kwa wema. KNCU, kwa msaada wa wabia wake wa ng'ambo, ilianzisha huko Uru Kaskazini mradi wa utalii uitwao Kahawa Shamba. Mgeni hulala katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa jadi wa Kichagga, hutembezwa vihambani, huchuma buni, huzimenya, hukaanga na kutwanga, kisha hunywa kahawa aliyoitengeneza kwa mkono wake. Wanaomwongoza na kumpikia ni wanakijiji. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa tunaona methali hiyo ikitimia kwa kipimo chake: mgeni halipi tu kwa dalali wa mjini, hulipa pale alipokula.

Aidha, tusisahau Lyamungo. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa pale mwaka 1934 kilikabidhiwa mwaka 2001 kwa taasisi mpya, TaCRI, ambayo inaongozwa na wadau wenyewe wa kahawa: wakulima, wafanyabiashara na serikali pamoja. Kutoka kwake zimepatikana aina mpya za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, ambazo miche yake huzalishwa pia na vikundi vya wakulima vijijini. Ubia wa aina hii haupigiwi ngoma, lakini mkulima aliyepanda miche hiyo amepumzika na bei ya dawa.

MZIGO WA MLIMANI

Tuache kahawa, tupande juu. Makumi ya maelfu ya wageni huja kila mwaka kupanda Kilimanjaro, na kila mgeni hupanda akifuatana na kundi la wenyeji: kiongozi, mpishi na wapagazi kadhaa, ambao vijana wa Moshi huwaita wagumu. Hakuna biashara katika mkoa huu inayoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya mbia na mtumwa wa mshahara. Mgeni hulipa maelfu ya dola. Mgumu aliyembebea hema, meza na chakula, akatangulia kufika kambini ili mgeni akute chai iko tayari, anaweza kushuka langoni asijue kama bakshishi iliyotolewa na mgeni imemfikia yote au nusu yake.

Mwaka 2003 ulianzishwa mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP. Mradi huo uliwaazima wapagazi bure mavazi ya baridi na viatu, na ukawafundisha lugha na haki zao. Lakini hatua yake kubwa ilikuwa kuingia ubia na kampuni za utalii zenyewe. Kampuni inayotaka kutambuliwa kuwa mbia hukubali kuchunguzwa: wapagazi wake wanalipwa kiasi gani na kwa siku ngapi, wanakula mara ngapi, wanalala wapi, mizigo yao ina uzito gani, bakshishi inagawanywa namna gani. Wapagazi wenyewe ndio wanaoulizwa. Kampuni inayofaulu hutangazwa kwa wageni, na wageni wengi siku hizi huuliza jambo hilo kabla ya kulipa. Kwa njia hiyo kampuni yenye insafu hupata wateja kwa sababu ya insafu yake.

Sisi tunaona kwamba hapo pana siri kubwa. Kanuni ya hifadhi kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari ni nzuri, na mizani ipo malangoni. Lakini kanuni bila jicho hulala. Mzigo waweza kupimwa langoni ukiwa kilo 20, kisha ukaongezwa nyuma ya mti wa kwanza. Anayejua ukweli ni aliyeubeba. Ubia unaompa huyo ulimi, na kumlinda asifukuzwe kwa sababu ya ulimi wake, ndio ubia unaostahili jina hilo. Na hapa tunasema bila kuficha: bado ziko kampuni nyingi nje ya mpango huo, na kijana asiye na kazi hana nguvu ya kuchagua mwajiri. Vyama vya wapagazi wenyewe vinapaswa kuimarishwa, maana shirika la ufadhili laweza kuondoka kesho, lakini mlima hauondoki.

Vijiji vilivyo chini ya msitu navyo vina neno lao. Tangu mwaka 1941 ulikuwapo ukanda wa nusu maili uliotengwa ukingoni mwa msitu ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao. Mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa, na ukanda huo pamoja nao. Hatupingi kuhifadhi msitu. Mto usio na msitu ni mto wa kiangazi kimoja. Lakini mama aliyezoea kukata majani pale ametoa fungu lake katika utalii huu, na fungu hilo ni kubwa kuliko hisa za wengi. Shirika la Hifadhi za Taifa lina mpango wa Ujirani Mwema unaosaidia miradi ya vijiji jirani. Tunashauri fungu la mama huyo lihesabiwe kama haki yake, wala lisiitwe hisani.

JIRANI WA MIWA

Teremka sasa hadi tambarare ya Arusha Chini, kusini ya mji, ambako joto ni kali na maji ndiyo uhai. Huko kuna shamba na kiwanda cha sukari cha TPC, kilichoanzishwa na Wadenmark miaka ya 1930, kikataifishwa, kisha mwaka 2000 kikauzwa kwa wawekezaji wa Mauritius huku serikali ikibaki na hisa 25 kwa mia. Kiwanda hicho huajiri maelfu ya watu. Kando yake lipo shirika lisilo la faida, FT Kilimanjaro, ambalo TPC ni mbia wake, na ambalo hushughulikia elimu, afya, maji na mapato katika vijiji vinavyoyazunguka mashamba hayo.

Mfano huu una sura yake. Hapa wanakijiji hawamuuzii mwenye mtaji zao lao, kama wafanyavyo wakulima wa kahawa. Wanaishi naye. Wanakunywa maji ya mito ileile inayonywesha miwa. Shamba kubwa lililozungukwa na njaa halina usalama, na kijiji kilicho jirani na kiwanda kinachokufa hakina ajira. Kwa hiyo kila upande unamhitaji mwenzake. Hatari ya ubia wa aina hii ni kwamba anayetoa fedha ndiye pia anayepanga, hata kama nia yake ni njema. Dawa yake ni halmashauri ya kijiji kuwa na mpango wake iliouandika yenyewe, ili shirika litakapobisha hodi likute orodha mezani: kwanza kisima, pili darasa, tatu mfereji.

MASHARTI MANNE

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kutaja masharti manne ambayo ubia wowote na wananchi unapaswa kuyatimiza.

Kwanza, wananchi wawe na chombo chao wenyewe kabla ya mbia kuja. Wazee wa mlima huu walielewa jambo hilo hata kabla ya mkoloni. Mfongo unaoleta maji kutoka msituni hadi vihambani haukuchimbwa na mtu mmoja. Walioutumia walikuwa na wakubwa wao, siku zao za zamu na faini kwa asiyefika siku ya kuuzibua. Aliyetaka maji alikuja kwenye kikao hicho. Mwenye mtaji naye aje kwenye kikao.

Pili, mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji au wa chama kabla haujatiwa saini. Mkataba ulioandikwa kwa lugha ya wanasheria wa mbali, ukatiwa saini na watu watatu ofisini, ni mkataba wa hao watatu.

Tatu, faida ya jumuiya iingie katika akaunti ya jumuiya na mkutano uamue matumizi yake. Pale mfadhili anapojenga anachopenda yeye, kuna msaada, na msaada hupokelewa kwa shukrani. Usiitwe ubia.

Nne, wananchi wawe na uwezo wa kukataa. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu hana mbia, ana bwana. Ndiyo maana mnada wa Moshi, leseni za kuuza kahawa moja kwa moja nje zilizoanza kutolewa mwaka 2003, na benki ya ushirika ni mambo yanayokwenda pamoja. Chama kinachoweza kukopa ili kiwalipe wakulima malipo ya kwanza kinaweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo hatuitaki, tutangoja."

WAJIBU WETU WENYEWE

Tungekuwa tunawahadaa wasomaji kama tungemaliza kwa kuwasema wenye mtaji peke yao. "Mali bila daftari hupotea bila habari," na mali ya ushirika imepotea mara nyingi mno katika nchi hii mikononi mwa wana wa nchi hii. Vyama vimelemewa na madeni ambayo wanachama hawakuyasikia mpaka siku ya kudaiwa. Vyama kadhaa vya msingi vya Kilimanjaro viliamua kuuza kahawa yao nje ya chama kikuu, na kundi la vyama 32 likaunda umoja wake, G32. Wapo walioita kitendo hicho usaliti. Sisi tunakiona kuwa ni onyo. Mwanachama anapoondoka, chama chenye busara hujiuliza kwanza nyumbani mwake kuna moshi gani.

Mkulima naye ana lawama yake. Tangu msimu wa 2018/2019 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya msingi. Lakini bei inapopanda, walanguzi hupita usiku na fedha mkononi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ya arabika huko New York ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo wazee wetu hawakupata kuiota. Siku kama hizo ndizo zinazopima uaminifu. Kule Kagera wanalo neno la kuuza kahawa ingali mtini, ikiwa bado maua: butura. Aliyeuza butura amekula mavuno yake kabla ya kuyaona, na hakuna mkataba wa soko la haki utakaomwokoa, kwa kuwa hana tena cha kuuza. Bei kubwa ya leo ni fursa ya kuotesha mibuni mipya na kujaza akiba ya chama. Mwenye kuitafuna yote hatakuwa na la kusema bei itakaporudi chini, na bei ya kahawa hurudi chini.

Tena kuna jambo jipya linalokuja. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao ithibitishwe kuwa haikutoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini maandalizi yanaendelea, na kila shamba litapaswa kujulikana mahali lilipo. Kilimanjaro kuna vihamba vidogo visivyo na idadi. Gharama ya kuvipima italipwa na nani, na taarifa hizo zitakuwa mali ya nani? Kampuni ikivipima vihamba na kubaki na ramani, mkulima atakuwa amefungwa kwa kampuni hiyo hata kama hakuna kamba inayoonekana. Chama kikibaki na ramani, mkulima ataweza kumuuzia yeyote. Hapo ndipo ubia wa miaka ijayo utakapoamuliwa, na tunavitaka vyama vya msingi viliweke jambo hili katika mikutano ya msimu huu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vijiji, wa vyama vya ushirika na wa Chama mahali walipo wafanye jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Kila mkataba wa ubia ulio hai katika eneo lao, uwe wa kahawa, wa utalii, wa parachichi au wa miwa, usomwe upya mbele ya mkutano wa wananchi, kifungu kwa kifungu, pamoja na hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Penye mkataba mzuri wananchi watajua, na mbia mwema atafurahi kujulikana. Penye mkataba mbaya wananchi watauliza, na mbia asiye mwema atajibu. Na penye neno tupu lisilo na mkataba wowote, wananchi waanze kwa kuudai.